Kabla hujaweka bilauri ukingoni mwa kidimbwi

Zamani kidimbwi cha kuogelea hapa Pwani kilikuwa kitu cha hoteli. Ukitaka kuogelea ulilipa mlangoni, ukavaa kaptula yako, na kulikuwa na mtu wa kukuangalia na mwingine wa kuokota ulichoangusha. Siku hizi mambo yamegeuka. Kuanzia Diani hadi Watamu nyumba za kukodishwa kwa siku zimezagaa, na mgeni wa kutoka Nairobi anayekuja kupumzika huuliza maswali mawili kabla ya kutuma pesa: kuna intaneti? Kuna kidimbwi? Nyuma ya kuta za Nyali na Mtwapa nako utakuta vidimbwi vya plastiki nzito vyenye fremu ya chuma, vile vinavyounganishwa kwa siku moja bila kuchimba hata shimo.

Pamoja na vidimbwi hivi vimekuja vikorokoro vyake: maboya ya umbo la bata, taa za kuelea, nyavu za kuokota majani. Leo nataka tuzungumzie kimoja tu ambacho wengi hukiona kama mchezo. Ni kishikio cha kinywaji, yaani kile kikombe au pete inayoning'inia ukingoni mwa kidimbwi, au inayoelea juu ya maji, ili anayeogelea apate pa kuweka maji yake, sharubati yake au soda yake bila kutoka majini.

Najua msomaji mmoja ameshaguna: huyu naye, watu wanatafuta unga, yeye anatuletea habari za vikombe vya matajiri. Nakuelewa, ndugu yangu. Lakini kidimbwi cha tajiri husafishwa na kijana wa Ukunda, watoto wake huangaliwa na yaya wa Kisauni, maji yake hutoka kwenye bomba lile lile unalolisubiri wewe, na mbu wake hawajui ukuta. Mimi nina diploma ya mambo ya hoteli na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukagua nyumba za wageni kabla hazijafunguliwa. Katika kukagua huko nimejifunza kwamba kitu hiki kidogo, kikichaguliwa vizuri, kinazuia balaa kubwa. Kikichaguliwa vibaya, kinaleta balaa jingine.

Tuanze na kioo

Sababu ya kwanza ya kuwa na kishikio ni kumwondolea mtu hamu ya kuweka bilauri ya kioo juu ya vigae vya ukingoni. Pale hupita miguu yenye maji, hupita watoto wakikimbizana, hupita taulo zikivutwa. Bilauri iliyowekwa pale muda wake ni mfupi, na ikivunjika, vipande vyake aghalabu huishia majini.

Sasa jiulize kwa nini kioo ndani ya maji ni hatari kuliko kioo sakafuni. Jibu liko kwenye mwanga. Tunakiona kitu kisicho na rangi kwa sababu mwanga hupinda na kurudi unapotoka hewani na kuingia ndani yake. Wataalamu hupima tabia hiyo kwa namba: hewa ni kama 1, maji ni 1.33, na kioo cha kawaida ni karibu 1.5. Kutoka hewani hadi kwenye kioo kuna pengo kubwa, ndiyo maana kipande sakafuni humeta. Kutoka kwenye maji hadi kwenye kioo pengo ni dogo, kwa hivyo kipande hufifia machoni. Ukitaka kuhakikisha, zamisha bilauri nzima isiyo na rangi ndani ya beseni la maji, uone kingo zake zinavyopotea. Ngozi ya mguu nayo ikikaa majini hulainika, kwa hivyo kipande kisichoonekana hukutana na mguu usio na kinga.

Mtu atasema, tutavuta vipande kwa mpira wa kufyonzea uchafu. Vikubwa utavipata. Vidogo hujificha kwenye maungio ya vigae, huingia kwenye mchanga wa chujio, na kwenye kidimbwi cha plastiki hutoboa sakafu yake. Ndiyo sababu watu wa kazi hii husema kwamba kioo kikivunjika ndani, njia ya uhakika ni kumwaga maji yote na kusafisha kidimbwi kikiwa kikavu.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Chukua kidimbwi cha kawaida cha nyumba ya wageni, urefu mita 10, upana mita 5, kina cha wastani mita 1.5. Ukizidisha unapata mita za ujazo 75, yaani lita 75,000. Kwa lori la maji la lita 10,000 ni safari 8, na ya mwisho nusu. Kwa mitungi ya lita 20 ya mkokoteni, ni mitungi 3,750. Yote hayo kwa ajili ya bilauri moja.

Na maji yenyewe tunayatoa wapi? Mombasa haina mto wake. Inanyweshwa na chemchemi za Mzima zilizo ndani ya Tsavo Magharibi, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, chemchemi za Marere katika Shimba Hills, na visima vya Tiwi. Kuna mitaa ambayo bomba hufunguliwa kwa zamu. Kumwaga lita 75,000 katika mji wa namna hii kwa uzembe wa bilauri moja, sisi tuliolelewa madrasa tunalijua jina lake: ni israfu.

Kuna jambo jingine ambalo wenye nyumba za ufuoni hawaambiwi. Kidimbwi kilichochimbwa mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu hushikiliwa chini na uzito wa maji yaliyomo ndani yake. Ukiyatoa yote, hasa msimu wa mvua, maji ya ardhini husukuma kutoka chini, na kidimbwi chaweza kuinuka au kupasuka. Kwa hivyo kumwaga maji ili kutafuta vipande vya bilauri kwaweza kukugharimu kidimbwi chenyewe. Kabla hujafungulia maji, mwite fundi anayeijua ardhi ya pale.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: kishikio hakihalalishi kioo. Hata ukiwa na kishikio kizuri namna gani, kinachoingia ndani yake kiwe kikombe cha plastiki ngumu, cha chuma kisichoshika kutu, au kopo. Bilauri za kioo zibaki mezani, ndani ya nyumba.

Aina zake na jinsi ya kuchagua

Vishikio viko vya aina tatu. Cha kwanza ni cha kuning'inia, chenye ndoano inayokaa juu ya bomba la fremu au ukingo wa kidimbwi. Cha pili ni cha kuelea. Cha tatu ni cha kusimama, kijiti chenye pete juu kinachochomekwa kwenye nyasi kando ya kidimbwi. Kila kimoja kina mahali pake.

Cha kuning'inia ndicho kinachofaa vidimbwi vya fremu. Kabla hujanunua, chukua futi yako upime unene wa bomba la juu la fremu, kisha ulinganishe na uwazi wa ndoano. Ndoano pana mno hutikisika na kugeuka, nyembamba mno haiingii, na mtu akiilazimisha hukwaruza rangi ya bomba, kutu ikaanza hapo. Angalia pia kikombe kimekaa umbali gani kutoka kwenye bomba. Kinywaji cha nusu lita kina uzito wa karibu nusu kilo, na kadiri kinavyokaa mbali ndivyo kinavyozidi kuivuta ndoano chini, kama ndoo inavyokuwa nzito ukiinyoshea mkono. Nunua chenye kikombe kilichokaribiana na ndoano.

Kuna vidimbwi vingine ambavyo ukingo wake wa juu ni pete ya hewa, vile ambavyo hujaza pete kwanza kisha maji yakavisimamisha. Usitundike kitu pale. Pete hubonyea, kikombe huinama, na ncha ya ndoano yaweza kuitoboa. Kwa vidimbwi hivyo tumia cha kusimama au meza ndogo pembeni.

Kisha kuna suala la hewa yetu ya chumvi. Chuma kilichopakwa rangi tu hakidumu hapa: chumvi ya bahari huingia penye mkwaruzo, na klorini ya kidimbwi humalizia kazi. Hata chuma kinachouzwa kwa jina la kisichoshika kutu kina madaraja. Kile cha daraja la 304, ambacho ndicho cha sufuria nyingi, huweza kupata madoa ya kutu karibu na bahari. Cha daraja la 316 kimeongezwa madini ya molibdeni na hustahimili chumvi vizuri zaidi. Plastiki haina shida ya kutu, adui yake ni jua. Pitisha kidole juu ya kishikio kilichokaa nje miezi kadhaa. Kidole kikitoka na unga mweupe, au ukiona nyufa ndogo kwenye shingo ya ndoano, plastiki imeshachoka. Kibadilishe kabla hakijakatika na kuacha ncha kali.

Cha kuelea kinahitaji akili ya mtu wa bahari. Wazee wetu waliifunga ngalawa matengo pande zote mbili ili isipinduke, na kwenye majahazi walipakia farumi chini kabisa, kwa sababu uzito ukiwa chini chombo hutulia. Kishikio cha kuelea ni hivyo hivyo. Kitako chake kiwe kipana, na shimo la kikombe liwe la kina, ili uzito wa kinywaji ukae chini karibu na usawa wa maji. Vile vya umbo la ndege mwenye shingo ndefu hupendeza kwenye picha, lakini ukiweka chupa ndefu iliyojaa, wimbi la mtoto mmoja akiruka hukipindua. Kijaribu kwanza kwa kikombe cha maji matupu: kisukume, piga maji kwa kiganja, uone.

Na kinywaji kikimwagika?

Kikombe kimoja cha sharubati kwenye lita 75,000 hakitabadilisha kitu. Lakini katika kidimbwi kidogo cha watoto chenye lita mia chache, mambo ni tofauti. Klorini hufanya kazi kwa kushambulia uchafu wenye asili ya viumbe, na kwake sukari, maji ya embe na jasho vyote ni kazi. Kadiri inavyoshughulika na sharubati ndivyo inavyopungua ya kupambana na vijidudu. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinashauri klorini isiwe chini ya miligramu 1 kwa lita, na kipimo cha asidi cha maji, yaani pH, kiwe kati ya 7.0 na 7.8. Vinywaji vikimwagika kwenye kidimbwi kidogo, pima tena. Kama ni kile cha kujazwa kwa ndoo na hakina chujio, mwaga maji hayo kwenye mikungu yako mara klorini ikiisha nguvu, kisha ujaze mapya.

Kwa kuwa tumeitaja dawa, niseme hili kwa herufi nzito. Usipime dawa ya kidimbwi kwa kikombe kinachokaa kwenye kishikio, na usihifadhi dawa kwenye chupa ya soda. Mtoto akiona chupa ya soda ataamini ni soda. Na zile chembechembe nyeupe za klorini zisikutanishwe na soda, mafuta au sukari ndani ya chombo kimoja, maana huchemka na zaweza kuwaka moto.

Mbu hawana adabu

Hili ndilo ninalolikuta mara nyingi, na ndilo wenye nyumba hulicheka hadi waugue. Wageni wameondoka, nyumba imefungwa wiki mbili, mvua imenyesha. Maji ya kidimbwi yana klorini na pampu huyazungusha, kwa hivyo mbu hawana nafasi. Lakini vishikio vinane vimening'inia ukingoni, kila kimoja kimejaa maji ya mvua, yametulia, yako kwenye kivuli. Mwezi uliopita kijana mmoja wa kutunza nyumba aliniambia, "Ami, kila wiki naweka dawa kidimbwini na mbu bado wanatumaliza." Tulikwenda tukachungulia ndani ya vishikio. Viluwiluwi vilikuwa vinacheza.

Mbu anayependa vyombo vidogo vya namna hii ni Aedes aegypti, yule mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Ndiye anayesambaza homa ya dengi na chikungunya. Mombasa tunamjua: dengi ilitupiga mwaka 2013 hadi 2014, na chikungunya ikaja mwishoni mwa 2017 na kuendelea hadi 2018, watu wakitembea wameinama kwa maumivu ya viungo. Katika joto letu, yai la mbu huyu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10. Wiki mbili za nyumba kufungwa zinamtosha na kusaza.

Dawa yake ni rahisi. Kishikio kiwe na tundu chini. Ukinunua kisicho na tundu, toboa moja la upana wa kidole kidogo. Kikombe chako hakitapita, lakini maji ya mvua yatapita. Na nyumba ikifungwa, vishikio vyote vivuliwe na kuwekwa ndani vikiwa vimefudikizwa.

Watoto

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto mdogo anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema. Mdomo wake uko chini ya maji, sauti itatoka wapi?

Kishikio kinahusika vipi? Kwanza, cha kuelea chenye rangi na umbo la mnyama ni sawa na mwanasesere. Kikiachwa majini baada ya watu wazima kutoka, kinamwita mtoto. Atanyosha mkono kukishika, na kitasogea mbele kidogo, naye atanyosha zaidi. Kila mtu akitoka, vishikio na maboya yote yatoke pia. Pili, kwa vidimbwi vya fremu, kishikio kilichotundikwa upande wa nje chini kidogo ya ukingo hugeuka ngazi. Mtoto wa miaka mitatu anajua kupanda. Kitundikwe juu kabisa kikielekea ndani, na ngazi ya kidimbwi iondolewe kila baada ya kuogelea. Tatu, kidimbwi kiwe na ua na lango linalojifunga lenyewe.

Nne ni sisi wakubwa. Kishikio hutufanya tukae majini muda mrefu tukiwa tumestarehe, na starehe huzubaisha. Mimi ni Mwislamu na msimamo wa dini yangu juu ya pombe unajulikana, sihitaji kuuhubiri hapa. Lakini hata kwa yule ambaye kwake si haramu, pombe hupunguza kasi ya akili na mikono, na majini kasi hiyo ndiyo uhai. Basi awepo mtu mzima mmoja kwa zamu, ambaye hana kinywaji cha aina hiyo, hana simu mkononi, na kazi yake ni kuhesabu vichwa. Yaya asiachiwe kazi hii huku akitumwa kuleta barafu.

Upande wa pili, maji ya kunywa ni muhimu na hapo kishikio kina faida yake. Mtu anayeogelea chini ya jua letu hutoka jasho asilolihisi kwa kuwa mwili umelowa. Baadaye kichwa humuuma akadhani ni klorini. Kikombe cha maji au dafu kikiwa karibu, atakunywa. Kikiwa jikoni, atasema baadaye.

Fundi wetu anaweza

Si lazima ununue cha kutoka ng'ambo. Chukua bomba la plastiki la milimita 110, lile la maji machafu lakini jipya, ukate vipande vya sentimita 10 kwa vikombe vipana. Kwa makopo, bomba la milimita 75 linatosha, maana kopo nene la kawaida la soda lina upana wa milimita 66. Sugua kingo kwa msasa hadi zisikwaruze mkono. Chini pitisha vyuma viwili vyembamba vya daraja la 316 vikikatana, kikombe kikae juu yake na maji yapite. Ndoano ikunjwe kwa chuma hicho hicho kufuata kipimo cha fremu yako, na ndani yake igundishwe kipande cha tyubu ya baiskeli ili isiteleze wala kukwaruza. Fundi wa Jua Kali wa Kongowea au Majengo atakufanyia asubuhi moja, na pesa itabaki mtaani.

Ukikabidhi nyumba kwa mgeni, mwambie mambo matano ukiwa naye kidimbwini, usimwachie karatasi tu: kioo hakitoki nje, vikombe ni hivi hapa, mtu mzima mmoja huangalia watoto, kila kinachoelea hutolewa mkimaliza, na ngazi huondolewa. Kisha mtunza nyumba aongeze la sita lake mwenyewe, kuvifudikiza vishikio kabla ya kufunga lango. Yote hayo hayachukui dakika kumi.